Shule Iliyojengwa Juu ya Njia

Msibani kwa baba kila mtu alikuja na ukuta wake. Mmoja alisema ukuta ule ulisimama mwezi mzima. Mwingine akasema ulibomolewa kwa trekta. Kijana mmoja, ambaye wakati wa mambo hayo alikuwa hajazaliwa, aliapa kwamba baba aliujenga kwa mikono yake mwenyewe huku akilia kwa hasira. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anasikiliza, hasahihishi. Wageni walipopungua akanivuta karibu akaniambia, "Wewe ulikuwepo. Andika, kabla hawajaongeza trekta la pili."

Ndiyo maana naandika. Mimi si mwandishi. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na niliipata kwenye shule hiyohiyo, chini ya baba huyohuyo, jambo ambalo simwombei mtoto yeyote.

Mtaa wetu wakati huo ulikuwa mpya, pembezoni mwa mji, nyumba nyingi zikiwa bado na nondo zimechomoza juu zikisubiri ghorofa ambayo ingekuja mambo yakinyooka. Shule ya msingi tulikuwa nayo. Sekondari ilikuwa mjini, safari ya kupanda basi gizani na kurudi gizani, na wazazi wengi waliokuwa na mabinti waliona bora wabaki nyumbani. Kiwanja cha sekondari kilikuwa kimetengwa tangu mtaa upimwe, lakini hakikuwa na kitu ila majani, magoli ya miti, na njia.

Njia hiyo hakuna aliyeikata. Miguu ndiyo iliyoikata. Ilitoka kwenye nyumba zetu, ikakatiza kiwanja katikati, ikatokea kituo cha basi, ambako ndiko kulikokuwa na maduka, zahanati na kibanda cha mama cha kushonea nguo. Asiyetaka kupita hapo alizunguka bondeni, kwenye tope la kunata ambalo hata kiangazi halikukauka, kwa sababu maji ya kuogea ya mtaa mzima yalikuwa yakimalizikia huko. Watu walikuwa wakisema tope lile lina urafiki na viatu: likikupenda, unarudi na kimoja.

Baba aliteuliwa kuwa mkuu wa shule kabla shule haijakuwepo. Kwa muda mrefu alikuwa mkuu wa kiwanja, muhuri na meza, na meza yenyewe ilikuwa ile tuliyokuwa tukilia chakula. Muhuri ulikaa pembeni ya chumvi. Jioni alikuwa akisukuma sahani kando, anatandaza ramani ya majengo, anatuonyesha kwa kidole maabara, maktaba na ukumbi, mpaka mama amwambie atoe kidole chake kwenye mchuzi wa maabara.

Serikali ilileta mabati na saruji, wazazi wakatoa nguvu zao. Fundi mkuu alikuwa mjomba, kaka yake mama, mtu mwenye mikono mizuri na ulimi mrefu. Jengo la kwanza lilikuwa chumba kimoja kirefu, ambacho kingeanza kama darasa na baadaye kiwe ukumbi wa mitihani. Baba alitaka kikae mahali palipo imara kuliko pote kiwanjani. Mjomba akazunguka akipigapiga ardhi kwa kisigino, akapapata. Palikuwa pagumu kama saruji, maana watu walikuwa wamepakanyaga miaka na miaka. Palikuwa katikati ya njia, na chumba kingefunga kiwanja ukingo hadi ukingo, pasiwe na pa kuzunguka ila bondeni.

Kosa lilianzia kwenye adabu. Akina mama ndio waliokuwa wakiwaletea mafundi maji, ndoo kichwani, kwa njia yao ileile. Ukuta wa nyuma ulipofika magotini, mama mmoja alisimama na ndoo yake akauangalia. Mafundi wakaona haya. Mtu amekubebea maji, utamwambiaje azunguke bondeni? Wakaacha upenyo wa upana wa mtu mwenye ndoo, mkabala na pale ambapo ramani iliweka mlango wa mbele. Ukuta ukapanda, na upenyo ukapanda nao. Kila siku mjomba alisema ataziba kesho, na kila kesho ilikuja na ndoo zake. Walipofika juu, upenyo ulikuwa umeshakuwa na kingo zilizonyooka vizuri, na mjomba akamwambia baba, kwa unyenyekevu ambao haukuwa wake, "Shemeji, naona chumba chako kimepata milango miwili."

Baba aliangalia ramani, akaangalia ukuta, akaangalia mabati yaliyokuwa yakisubiri, na mawingu. Akasema tutaufunga huo wa nyuma tukishaanza.

Tulianza tukiwa darasa moja tu, kidato cha kwanza, hatuna kaka wala dada wa kututangulia na kututisha. Siku ya kwanza baba alivaa suti yake ya harusi akatuhutubia. Alisema shule mpya haina majengo ya kujivunia wala matokeo ya kujivunia, kwa hiyo yetu itajulikana kwa adabu. Mtu mzima yeyote akiingia darasani, alisema, darasa zima litasimama na kumwamkia kwa sauti moja. Kabla hajamaliza, Mama Mayai akaingia kwa mlango wa nyuma, trei mkononi, anawahi basi.

Tukasimama. "Shikamoo mama."

Huyu Mama Mayai alikuwa jirani yetu, mwenye banda la kuku, na hakuwa mtu wa kuitikia salamu nusunusu. Aliweka trei juu ya meza ya mwalimu, akaitikia marahaba, akatuuliza hali, akatuuliza tumeamkaje, akawauliza wawili watatu habari za wagonjwa wa nyumbani kwao, akampongeza baba kwa suti, akachukua trei yake akatokea mbele. Tukakaa. Baba akafungua mdomo, akaingia Babu Redio, mstaafu wa reli ambaye redio haikuwahi kutoka kwapani kwake wala kuzimwa. Tukasimama. Nyuma yake walikuwepo wauguzi wa zahanati, na nyuma ya wauguzi akaja mama yangu na furushi la vitambaa, akamwamkia mume wake mbele ya wanafunzi kama vile hawakunywa chai pamoja asubuhi ile. Hotuba hiyo haikuwahi kumalizika.

Wiki iliyofuata baba alibadilisha sheria: tusimame kwa walimu tu, wengine waachwe wapite. Wazazi wakamjia juu. Walisema shule imeanza juzi, na tayari watoto wanawaangalia watu wazima kama wanaangalia nguzo za umeme. Baba akarudisha sheria ya kwanza, lakini tuamkie tukiwa tumekaa. Wakasema kuamkia umekaa ni kumwamkia mtu kama unamwagiza maji. Basi tukawa tunasimama. Mapaja yetu yalikomaa kwa elimu.

Tatizo la wapita njia ni kwamba hawakupita tu. Babu Redio alipenda jiografia, na kwa kuwa hakuwa na haraka ya kwenda popote, alikuwa akiegemea ukutani na kuchangia. Alichangia kwa sauti ya mtu mwenye hakika na kwa habari zisizo na hata chembe ya ukweli. Mwalimu alitumia vipindi kadhaa kututoa vichwani kwamba mwezini nako kuna mvua za vuli. Kulikuwa na mzazi aliyemkuta mwanawe anasinzia, akamfinya sikio, akaendelea na safari yake bila kumtazama mwalimu. Na Mwalimu wa Hesabu, ambaye alikuwa kijana hajaoa, kila muuguzi mmoja fulani alipopita alisahau upande wa pili wa mlinganyo. Walioana. Mpaka leo mjomba anadai kwamba yeye ndiye aliyekuwa mshenga, kwa kuwa ndiye aliyeacha upenyo.

Baba alinunua kufuli. Kufuli likafunguliwa. Akanunua lingine kubwa zaidi, nalo likafunguliwa, bila kuvunjwa, na likawekwa vizuri dirishani. Kila asubuhi alianza upelelezi upya, akiwahoji wanafunzi na kuwatazama mafundi kwa jicho la pembeni, na wanafunzi wakampa jina: Kufuli. Nyumbani sikulitamka, lakini mama alilitamka sana. Ndiye aliyekuwa akifungua. Baba alipogundua, alimuuliza kwa huzuni ya mtu aliyesalitiwa ndani ya ngome yake, funguo alizipata wapi. Mama hakuona swali lilipo. "Ufunguo unalala kwenye suruali yako," alimwambia, "na suruali naifua mimi."

Hivyo ndivyo tulivyosoma, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Vidato vingine vikaja nyuma yetu, vyumba vingine vikajengwa, vyote vikiwa na mlango mmoja mmoja kama ilivyo kawaida. Sisi tuliokuwa wa kwanza tulibaki kwenye chumba kirefu, tukawa kidato cha nne humohumo, juu ya njia.

Ndipo suala la mitihani likaja. Shule yetu ilikuwa haijakubaliwa kuwa kituo cha mitihani ya taifa. Mkaguzi angekuja, akiridhika, tungefanyia mtihani kwetu, asiporidhika, tungepelekwa kuufanyia kwenye shule kubwa ya mjini, na shule yetu ingegeuzwa tawi lake, la vidato vya chini tu. Baba alijua maana yake. Alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wa wasichana wenzangu wawaache wasome, kwa sababu shule iko mlangoni. Wengi walikubali kwa sababu hiyo tu. Mtihani ukihamia mjini, wengine wasingeufikia. Na mkuu wa ile shule ya mjini, aliyesoma naye chuo, alikuwa ameshamtania kwenye kikao mbele ya watu, kwamba amesikia kule kwake wanafunzi na wapita njia wanafanya mtihani mmoja, anayewahi anajibu. Watu walicheka. Baba aliporudi nyumbani siku hiyo alikula, na alipomaliza akasema mlango wa nyuma sasa basi.

Akamwita mjomba. Mjomba alikataa kwanza, akasema mkono wake hauna nia. Lakini shemeji ni shemeji, na baba hakumwagiza, alimwomba. Jumapili, watu wakiwa kwenye ibada na mapumziko yao, mlango wa nyuma ukazibwa kwa matofali, ukapigwa lipu juu yake, safi, kama haujawahi kuwepo. Baba alisimama akautazama kwa muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kukiona chumba kile kama kilivyokuwa kwenye ramani.

Jumatatu asubuhi tuliwasikia kabla hatujawaona, maana hatukuweza kuwaona. Tulisikia redio ikija, ikakaribia, ikasimama upande wa pili wa ukuta, ikaendelea kusoma habari hapohapo. Tukasikia Mama Mayai akiuliza kama amepotea njia. Kwenye madirisha ya nyuma vikatokea vichwa, kimoja kimoja, vikitutazama kama watu wanaotazama samaki. Sisi, kwa mazoea, tukasimama tukaviamkia. Kisha sauti ya mama yangu, ambayo ningeijua hata chini ya maji, ikauliza nani amejenga. Mjomba alikuwepo pale nje, nikasikia anakohoa.

Wote wakazunguka bondeni. Siku hiyo muuguzi alimhudumia mgonjwa akiwa na kiatu kimoja, na Mama Mayai alifika kituoni na mayai ya kukaanga tu.

Nyumbani mama hakugomba. Afadhali angegomba. Aliandaa chakula kama kawaida, akakaa, akanigeukia mimi. "Mwambie Mkuu wa Shule chakula kiko mezani."

Mkuu wa Shule alikuwa amekaa mbele yangu, kijiko mkononi.

"Baba," nikasema, "chakula kiko mezani."

"Mwambie mama yako nimekiona."

"Mwambie Mkuu wa Shule kama amekiona, aangalie asije akakijengea ukuta."

Nilifikisha. Ujumbe uliendelea kupita kwangu jioni ile yote, na kesho yake pia, mpaka nikaanza kuufupisha. Sikupendelea upande wowote. Moyoni nilitaka kufanyia mtihani palepale, na nilitaka pia mtu anipelekee sahani jikoni, nikale mbali nao wote wawili.

Mkaguzi alikuja siku iliyofuata. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani na buti za mpira, na buti hizo zilituonyesha kwamba ameshaona shule nyingi mpya. Hakupenda maneno mengi. Alikagua vyoo kwanza, akaingia kila kimoja. Akakagua maabara, ambayo ilikuwa stoo yenye meza na ndoo. Akakagua kabati ambalo baba aliliita maktaba. Kila mahali alisema "haya" na kusonga mbele, na baba akawa anazidi kujinyoosha. Mwisho wakaja kwenye chumba chetu. Tukasimama, tukaamkia, akaitikia. Akatembea kutoka mwanzo hadi mwisho, akatazama dari, akatazama nafasi kati ya madawati, akageuka.

"Mlango wa pili uko wapi?"

Baba alitabasamu. Alikuwa ameyasubiri maneno hayo kwa miaka minne. "Hakuna, mama. Ni mmoja tu. Hapa hapiti hata paka."

Mkaguzi alivua miwani. Akamweleza, polepole, kwamba chumba cha mtihani chenye ukubwa huu lazima kiwe na milango miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na yote iwe wazi muda wote wa mtihani. Moto ukizuka upande huu, watoto watatokea wapi? Hilo halina mjadala. Vyumba vingine ni vidogo, havitoshi. Kama hiki hakina mlango wa pili, basi shule haina ukumbi, na kama haina ukumbi, kituo hakuna.

Baba akaanza kusema kwamba mlango unaweza kuwekwa, kwamba fundi yupo.

"Mimi naandika ninachokiona," mkaguzi akasema, "siandiki ninachoahidiwa. Sasa naomba nione vifaa vya michezo na nyumba za walimu, halafu ninywe chai yangu niondoke."

Baba akamkabidhi kwa Mwalimu wa Hesabu na kumnong'oneza kwamba nyumba za walimu azionyeshe polepole, na hata zile ambazo si za walimu. Kisha akanishika mkono, tukatoka. Njia ya mbele ya kwenda kituoni ilipita machoni pa mkaguzi, na baba hakutaka aonekane akikimbia. Hapakuwa na jinsi, tukateremka bondeni. Baba alikuwa na viatu vyake vya ukaguzi, vya ngozi, vilivyong'arishwa. Tope likampenda. Alisimama mara mbili kukichomoa kimoja, akaendelea, suruali imeingia tope mpaka magotini.

Mjomba tulimkuta kituoni, amekaa kwenye benchi nje ya kibanda cha mama, zana zake miguuni. Baba akamweleza kwa pumzi fupi. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Akasema ukuta aliujenga kwa kuombwa na shemeji, lakini hawezi kuubomoa mpaka aambiwe na dada yake, kwa sababu shemeji anamwona kwenye vikao, ila dada anamwona kila siku.

Basi baba akasimama mbele ya cherehani. Mama alikuwa akishona gauni la mteja, na mteja mwenyewe yupo, na Mama Mayai yupo, na Babu Redio na redio yake, na watu waliokuwa wakisubiri basi wakaacha kulisubiri. Mama hakuinua macho. Mguu wake uliendelea kukanyaga.

"Mwambie baba yako nina mteja," akaniambia.

Nikamgeukia baba nimpelekee, lakini baba alinisogeza kando kwa mkono.

"Mama watoto," akasema, "nimekosea ukuta."

Cherehani ikasimama.

"Umekosea ukuta," mama akauliza, "au umekosea watu?"

"Vyote. Ila sasa hivi nina haraka na ukuta."

Babu Redio alicheka wa kwanza. Mama hakucheka, ila alikata uzi kwa meno, jambo ambalo hulifanya anapozuia kucheka. Akainuka, akatazama viatu vya baba, akatazama suruali, ambayo angeifua yeye. Akamwambia mjomba, "Inuka, kaka. Unangoja nini, tarumbeta?"

Tuliondoka kituo kizima. Mteja alikuja na gauni lake likiwa na mkono mmoja. Tulikuwa tumepita bondeni, kwa hiyo tulifika nyuma ya jengo tukiwa wa rangi moja, na mjomba akaanza. Lipu ilikuwa bado na ubichi, na matofali hayajashikana vizuri, lakini nyundo ilikuwa moja na patasi moja. Waliokosa vifaa wakavuta kwa mikono. Mama Mayai alivuta tofali, akalitazama, akasema kuku wake wangejenga vizuri zaidi, na mjomba akamjibu kwamba kuku wake hawakuwa na shemeji mkuu wa shule. Ndani, wenzangu walikuwa wakisukuma kutoka upande wao. Wakati huohuo baba alikuwa amekimbia mbele kumpokea mkaguzi, na nilisikia baadaye kwamba alimweleza historia ya lile kabati la maktaba kuanzia mti wake.

Lakini kelele za nyundo hazifichiki kwa kabati. Mkaguzi akaja, baba nyuma yake, wakaingia kwa mlango wa mbele. Vumbi lilikuwa limejaa chumbani. Lilipotulia, palikuwa na tundu kubwa lenye kingo zilizonyooka, na ndani ya tundu amesimama mama yangu, tofali mkononi, na nyuma yake mtaa wote uliopakwa tope. Darasa likasimama. Wenzangu walikuwa weupe kwa vumbi kama waliookwa. Wakaamkia kwa sauti moja.

Watu wakaitikia, wakauliza hali.

Mkaguzi alingoja salamu ziishe, na haikuwa muda mfupi. Kisha akauliza kama mlango huu ulikuwepo.

Baba akafungua mdomo. Mama akamtangulia. "Ulikuwepo tangu msingi, mama. Uliokuja juzi ni ukuta."

"Na hawa ni nani?"

Hapo mama akamwachia baba. Angeweza kusema ni wazazi waliokuja kujitolea, na isingekuwa uongo. Baba alifuta miwani yake kwa tai, ikazidi kuchafuka. "Ni wapita njia," akasema. "Njia yao inapita humu. Kila siku. Nimeshindwa kuwazuia, na nikisema kweli, shule hii wameijenga wao."

Mkaguzi akatazama mlango wa nyuma, akatazama wa mbele, ilivyoelekeana, akaelewa. Sina hakika kama alitaka kucheka. Akasema mlango ni mlango, ameuona kwa macho yake, na hilo ataliandika. Lakini siku za mtihani, mtu yeyote asiyehusika akiweka hata unyayo mmoja ndani ya chumba hiki, mtihani wa watoto wote utafutwa, sio wa mmoja. Na milango itakuwa wazi. Nani atamhakikishia?

Baba akasema, yeye.

"Sikuulizi wewe," mkaguzi akamwambia. "Wewe dawa yako ni matofali. Nawauliza wao."

Watu wakatazamana. Tope la bondeni lilikuwa bado linawakauka miguuni, na msimu wa mitihani ni msimu wa mvua, kila mtu alilijua hilo. Babu Redio akanyoosha kidole, akazima redio. Mimi nilikuwa sijui kwamba ile redio ina mahali pa kuzimia.

"Tutazunguka," akasema. Mama Mayai akasema naye atazunguka, na mayai yatazunguka. Muuguzi akasema zahanati itazunguka. Mama yangu aliweka lile tofali chini, nje ya mlango, taratibu.

Tukapata kituo.

Miezi ikapita, tope likaongezeka. Asubuhi ya mtihani wa kwanza mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tuliingia tukakaa, kila mmoja kwenye dawati lake, mbali na mwenzake. Msimamizi aliletwa kutoka shule nyingine, hatujuani. Alipoingia tulisimama chumba kizima tukamwamkia, akaitikia akatuambia tukae. Akaingia askari wa kulinda mitihani, tukasimama tena. Msimamizi akatuomba, kwa upole, tuache kusimama, maana karatasi zinadondoka. Baba hakuruhusiwa kusogea karibu, kanuni ndivyo zilivyo. Mama alinisimulia baadaye kwamba alikwenda akasimama bondeni na mwavuli, akiwashika mkono watu wavuke tope, mmoja mmoja, akiwaamkia wakubwa na kuwaulizia wagonjwa wao, na kwamba alipoteza viatu vyote viwili na hakuvitafuta.

Tukaambiwa tuanze. Nikafungua karatasi, nikasoma swali la kwanza, nikaona ninalijua. Lakini mkono haukwenda. Niliinua macho, nikaona wenzangu nao wamekaa, kalamu zimesimama, wanatazamana kwa pembeni. Hatukuwahi kukaa kimya namna ile tangu siku ya kwanza. Hakukuwa na redio, hakukuwa na mayai, hakukuwa na mtu wa kutuuliza tumeamkaje. Mvua tu kwenye bati. Mwenzangu wa mbele aligeuka kidogo kutazama mlango wa nyuma, nami nikatazama.

Ulikuwa wazi, kama mkaguzi alivyotaka. Nje njia ilikuwa imelowa maji, imenyooka mpaka kwenye nyumba zetu. Hapakuwa na mtu. Udongo wake ulikuwa laini, mvua imeusawazisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliuona hauna unyayo hata mmoja.

Nikainama, nikaandika namba yangu, nikaanza.